Kuhamia programu huria bila kusimamisha kazi za shule: jibu kwa mwalimu wa taaluma

Swali: Mimi ni mwalimu wa taaluma katika shule ya sekondari ya serikali mkoani Morogoro. Kompyuta zetu za ofisini na za maabara zina Windows 10, pamoja na Office iliyochakachuliwa na fundi. Mkuu wa shule amesikia kwamba Windows 10 haipati tena masasisho, na kwamba zipo programu huria, yaani zile ambazo yeyote anaruhusiwa kuzitumia, kuzibadilisha na kuzigawa, zinazoweza kutuondoa kabisa kwenye tatizo la leseni. Ameniagiza nibadilishe kila kitu wakati wa likizo ya Juni. Mitihani tunatunga kwa Word, matokeo tunachakata kwa Excel, vyeti tunatengeneza kwa Publisher, na mhasibu ana programu yake. Je, inawezekana, na nianzie wapi?

Jibu: Salaam, Mwalimu. Inawezekana, lakini si kwa utaratibu wa agizo ulilopewa. Ushauri wangu ni kwamba mbadilishe kwanza programu za kazi huku Windows ikiwa palepale, tena kwa kufuata kazi moja baada ya nyingine, na kwamba mfumo endeshi wenyewe, yaani Windows, uwe wa mwisho kubadilishwa, walimu wakiwa wameshazoea. Kuhusu kompyuta ya mhasibu, naomba msiiguse mwezi wa Juni kwa namna yoyote. Nitaeleza sababu za yote haya, kwa kuwa mkuu wako atazihitaji kabla hajakubali kubadili agizo lake.

Nianze na pale alipo sahihi. Microsoft ilisitisha msaada wa kawaida wa Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025. Kompyuta zenu hazitazimika kwa sababu hiyo, ila mwanya wowote wa kiusalama utakaogunduliwa baada ya tarehe hiyo hauzibwi isipokuwa kwa aliyejiandikisha katika mpango wa nyongeza wa masasisho. Windows 11 nayo inadai chipu ya usalama ya TPM 2.0 na prosesa za miaka ya karibuni, masharti ambayo kompyuta nyingi za mtumba zilizomo katika shule zetu haziyafikii. Hoja ya kutafuta njia nyingine kwa hiyo ni ya kweli.

Hata hivyo, hatari iliyo karibu zaidi nanyi ni ile Office iliyochakachuliwa. Programu ndogo zinazotumika kuvunja leseni huja na maelekezo ya kuzima kwanza kinga ya virusi, na aliyekwisha kuizima hana tena namna ya kujua nini kingine kimeingia pamoja nazo. Familia ya virusi iitwayo STOP, ambayo hufunga faili zote za kompyuta na kudai fedha ili zifunguliwe, imesambaa duniani hasa kwa njia hiyo ya programu zilizochakachuliwa. Shule inayotunza majina, alama na taarifa za wazazi za mamia ya wanafunzi inabeba pia wajibu chini ya Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, achilia mbali Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999, ambayo inalinda programu za kompyuta kama inavyolinda vitabu. Kwa sababu hiyo nakubaliana kabisa na mkuu wako kwamba suala hili lisiahirishwe mwaka mzima. Ninachopinga ni kubadilisha kila kitu kwa wiki chache na kwa mkupuo mmoja.

Kuna taasisi mbili kubwa za Ulaya ambazo historia yake inafundisha jambo hili vizuri. Jeshi la Gendarmerie la Ufaransa lilianza mwaka 2005 kwa kuondoa Microsoft Office na kuweka OpenOffice, programu huria za kazi za ofisini, juu ya Windows ileile. Mwaka uliofuata likahamia Firefox kwa ajili ya mtandao na Thunderbird kwa barua pepe, na ni mwaka 2008 tu, watu wakiwa wameshazoea programu hizo, ndipo lilipoanza kuweka Ubuntu, mojawapo ya matoleo ya Linux, mfumo endeshi huria unaochukua nafasi ya Windows. Askari aliyekuwa akiandika taarifa kwa OpenOffice asubuhi alikuta OpenOffice ileile baada ya mabadiliko, na mfumo huo hadi leo unatumika katika makumi ya maelfu ya kompyuta zao. Jiji la Munich nchini Ujerumani lilipitisha uamuzi wa kuhamia Linux mwaka 2003, likafanya kazi kubwa ya kuhamisha takriban kompyuta 15,000, kisha mwaka 2017 halmashauri yake ikaamua kurudi Windows. Siasa za jiji zilikuwa na sehemu yake katika uamuzi huo, lakini miongoni mwa malalamiko yaliyotajwa mara kwa mara ni ugumu wa kubadilishana hati na ofisi za nje. Nataka uishike hoja hiyo ya hati, kwa maana ndipo mabadiliko mengi ya namna hii yanapokwama, hata katika shule yenye kompyuta chache.

Kwa hiyo hatua ya kwanza si kupakua chochote. Chukua daftari, pita ofisi kwa ofisi, na uandike kazi zinazofanyika, si majina ya programu. Mwalimu akisema anatumia Word, bado hujajua lolote. Unatakiwa ujue kwamba anatunga mtihani wa hisabati wenye milinganyo na michoro, kwamba mtihani huo unachapwa kwa printa ya ofisi kisha unadurufiwa kwenye mashine ya Riso, na kwamba nakala moja hutumwa kwa afisa elimu kwa barua pepe. Mbele ya kila kazi andika ni nani nje ya shule anayepokea faili hiyo na kama anatakiwa kuihariri. Ukimaliza utagundua kwamba sehemu kubwa ya faili zinazotoka shuleni hazihaririwi na yeyote: zinasomwa au zinachapwa tu. Hizo zote zitumwe kama PDF tangu leo, hata kabla ya mabadiliko, na tayari utakuwa umeondoa nusu ya tatizo la Munich.

Programu itakayobeba mzigo mkubwa ni LibreOffice. Ilizaliwa Septemba 2010 pale sehemu kubwa ya watengenezaji wa OpenOffice walipojitenga baada ya kampuni ya Oracle kuinunua Sun, iliyokuwa ikiimiliki OpenOffice, na leo inasimamiwa na wakfu uitwao The Document Foundation. OpenOffice yenyewe bado ipo na bado inapakuliwa na watu wengi kwa mazoea ya jina, ila maendeleo yake yamezorota sana, kwa hiyo chagua LibreOffice na uipakue kwenye tovuti yake rasmi pekee. Faili yake ya usakinishaji ni takriban megabaiti 350. Unaipakua mara moja, unaiweka kwenye flashi, na unaisakinisha katika kompyuta zote, za ofisini na za maabara. Leseni yake inakuruhusu pia kumpa mwalimu akaiweke nyumbani au shule ya jirani. Hapa nataka mkuu wako aelewe tofauti moja muhimu: WPS Office, ambayo wengi wanaikimbilia, hutolewa bila malipo lakini msimbo wake, yaani maandishi yanayoiunda programu, umefungwa na masharti yake yamo mikononi mwa kampuni moja, ambayo inaweza kuyabadilisha wakati wowote. Mkiihamia hiyo, mtakuwa mmebadilisha mmiliki tu.

Nitaje pia, kwa kuwa linasahaulika, kwamba nchi yetu si mgeni katika kazi hii. Mwaka 2004 Idara ya Sayansi ya Kompyuta ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kupitia mradi wa Kilinux, ilitoa Jambo OpenOffice, toleo la Kiswahili la programu hiyo. Hadi sasa LibreOffice ina kamusi ya Kiswahili ya kusahihisha tahajia, na mwalimu wa Kiswahili anayetunga ufahamu ataacha kuona kila neno likipigiwa mstari mwekundu. Ni faida ndogo, lakini nimeona ikiwavuta walimu wa lugha kuliko hoja zote za leseni.

Sasa tuingie kwenye kazi yako mwenyewe, yaani matokeo, maana hapo ndipo wewe binafsi utapata au kupoteza imani. Faili ya matokeo ya Kidato cha Nne huwa na safu ya alama kwa kila somo, kisha gredi, kisha pointi kuanzia 1 kwa A hadi 5 kwa F, halafu fomula inayochagua pointi saba ndogo kuliko zote na kuzijumlisha, na mwisho divisheni: 7 hadi 17 ni ya kwanza, 18 hadi 21 ya pili, 22 hadi 25 ya tatu, 26 hadi 33 ya nne, na zaidi ya hapo ni sifuri. Amri zinazofanya kazi hiyo katika Excel, kama vile IF, VLOOKUP, COUNTIF, SMALL na RANK, zimo katika Calc, programu ya majedwali ndani ya LibreOffice, kwa majina yaleyale. Faili yako karibu hakika itafunguka na kuonyesha namba sahihi.

Hata hivyo usitosheke na kufunguka huko. Calc, ikifungua faili ya Excel kwa mpangilio wake wa kawaida, haikokotoi upya. Inaonyesha majibu yaliyohifadhiwa na Excel mara ya mwisho. Jaribio ambalo halina hatua ya kukokotoa upya halijapima kitu. Fanya hivi: chukua faili ya mwaka jana ambayo matokeo yake yalishatangazwa na kuhakikiwa, itengenezee nakala, ifungue nakala hiyo katika Calc, kisha bonyeza kwa pamoja Ctrl, Shift na F9 ili fomula zote zikokotolewe upya. Halafu ilinganishe na karatasi iliyochapwa: idadi ya kila divisheni, wastani wa kila somo, nafasi ya mwanafunzi wa kwanza na wa mwisho. Kagua kwa makini zaidi safu za wanafunzi ambao hawakufanya baadhi ya masomo, kwa kuwa herufi zilizoandikwa badala ya alama ndizo zinazovuruga fomula katika programu yoyote. Badilisha alama mbili tatu uone kama divisheni inabadilika inavyotakiwa. Ikipita hapo, hamia; isipopita, tafuta fomula yenye tatizo na uiandike upya ndani ya Calc, kisha rudia jaribio zima.

Kigingi cha kweli ni makro, yaani amri zilizoandikwa ndani ya faili ili kazi ijifanye yenyewe. Kama kuna mtu aliyewatengenezea faili yenye kitufe cha kubonyeza ili ripoti za wanafunzi zijitengeneze, nyuma ya kitufe hicho kuna msimbo wa VBA, lugha ya Microsoft ya kuandikia makro, na LibreOffice inaelewa sehemu tu ya lugha hiyo. Baadhi ya makro zitafanya kazi, nyingine zitakoma katikati bila kueleza kwa nini. Usipoteze wiki mbili kuzikarabati. Fomu za ripoti zinaweza kutengenezwa kwa njia ya kuunganisha barua na jedwali, ambapo unaandika ripoti moja katika Writer, programu ya kuandikia hati ndani ya LibreOffice, na majina pamoja na alama vinavutwa kutoka kwenye faili ya Calc. Utaratibu wake unatofautiana na ule wa Word, kwa sababu ni lazima kwanza uisajili faili ya Calc kama chanzo cha data, na hatua hiyo huwachanganya wengi mara ya kwanza. Ukishaisajili, muhula unaofuata unabadilisha alama tu.

Kwa upande wa mitihani, kitakachowasumbua ni mpangilio wa kurasa. Hati iliyoandikwa kwa Word ikifunguliwa katika Writer huweza kusogea mistari michache, na mchoro wa swali la saba ukajikuta ukurasa wa nyuma yake. Mara nyingi chanzo ni fonti. Mkibaki kwenye Windows, Times New Roman na Calibri zitaendelea kuwepo, na hii ni sababu nyingine ya kutobadilisha mfumo endeshi kwa pamoja na programu. Siku mtakapohamia Linux, mahali pa Times New Roman itakaa Liberation Serif, na mahali pa Calibri itakaa Carlito, ambazo zilichongwa kwa makusudi ziwe na upana uleule wa herufi ili mistari isihame. Walimu wa hisabati na fizikia wanahitaji saa moja ya mafunzo peke yao, kwa sababu milinganyo katika LibreOffice inaweza kuandikwa kwa maneno, mathalani mtu anaandika a over b naye anapata sehemu yenye a juu na b chini. Wanaolizoea hilo huandika haraka kuliko kwa kubofya alama moja moja, lakini wiki ya kwanza watalalamika, na wana haki.

Amueni mapema faili zitahifadhiwa kwa mtindo gani. Maoni yangu ni kwamba nakala kuu ya shule ihifadhiwe kwa mtindo wa ODF, ambao ni kiwango cha kimataifa cha ISO tangu mwaka 2006 na ndio LibreOffice inauelewa kikamilifu. Nakala ya kumtumia mtu wa nje atakayeihariri itolewe kwa mtindo wa docx (wa Word) au xlsx (wa Excel). Na ya kusomwa tu iwe PDF. Kinachoharibu hati ni faili moja kuhaririwa leo katika Word, kesho katika Writer, keshokutwa tena katika Word. Kila safari hubadilisha kitu kidogo, na baada ya wiki hakuna anayejua jedwali lilivunjika lini. Wawili wakitunga mtihani mmoja, wote wawili watumie programu moja. Kwa walimu waliozoea utepe wa juu wa Word, ingia kwenye menyu ya View, chagua User Interface, kisha Tabbed. Mwonekano utawakaribia sana ule waliouacha.

Vyeti havinitishi. Microsoft imetangaza kwamba Publisher itafikia mwisho wake Oktoba 2026, kwa hiyo kazi hiyo mngelazimika kuihamisha kwa vyovyote vile. Draw, programu ya michoro ndani ya LibreOffice, inaweza kufungua faili za Publisher, ingawa visanduku vya maandishi husogea na mapambo mengine hupotea; itumie kuokoa maandishi na nembo, kisha kitengenezeni cheti upya. Kwa cheti cha ukurasa mmoja Draw inatosha. Mkiwa na jarida la shule au kitabu cha mahafali, jifunzeni Scribus, programu huria ya kupanga kurasa, ambayo hutoa PDF yenye rangi za CMYK, yaani rangi nne za wino wa uchapaji, wanazozitaka wenye mitambo ya uchapaji. Nembo ya shule ichorwe upya katika Inkscape, programu huria ya kuchorea, ili iweze kukuzwa hadi ukubwa wa bango bila kufifia. Picha za kawaida GIMP, programu huria ya kuhariri picha, inazimudu, ila mbunifu aliyekulia kwenye Photoshop hataifurahia, na simshauri mtu wa namna hiyo kuhamishwa kwa lazima.

Kuhusu mhasibu. Mwaka wa fedha wa serikali unafungwa tarehe 30 Juni, na likizo mliyopangiwa kazi hii inaangukia katika wiki ambazo mhasibu anakamilisha hesabu zake. Programu ya uhasibu ina kumbukumbu za miaka ya nyuma zinazoweza kuitishwa na mkaguzi, na mara nyingi muundo wake umeelekezwa kutoka ngazi za juu. GnuCash ni programu huria nzuri, ningeipendekeza kwa mfuko wa ushirika wa walimu au kwa duka la shule, lakini si kwa vitabu rasmi bila idhini ya wanaovikagua. Kama programu yake ina leseni halali, iacheni ilivyo. Kama haina, shule inunue leseni hiyo moja, na hapo fedha mtakazookoa kwenye Office ndipo zitakapopata matumizi.

Maabara ina jambo lake. Kama wanafunzi wenu wa somo la kompyuta wanaandaliwa kwa mtihani au kwa mitaala inayozitaja Word na Excel kwa majina, tengeni kompyuta chache zenye Office ya leseni halali kwa ajili yao. Zilizobaki ziwe za kwanza kuhamia Linux, kabla ya ofisi, kwa kuwa huko hakuna hati za siri wala tarehe za kuwahi. Linux Mint, toleo jingine la Linux, yenye mwonekano mwepesi uitwao Xfce, huendeshwa bila shida na kompyuta yenye gigabaiti 4 za RAM, na virusi vile vinavyogeuza folda za kwenye flashi kuwa njia za mkato haviwezi kufanya kazi humo. Faida nyingine ambayo sipendi ikupite: kwa programu ya Kiwix mnaweza kuweka Wikipedia, hata ile ya Kiswahili, ndani ya kompyuta za maabara, nayo ikasomwa bila intaneti.

Kwa ratiba, napendekeza hivi. Kabla ya Juni, wewe na walimu wawili walio tayari msakinishe LibreOffice sambamba na Office iliyopo, mfanye lile jaribio la matokeo na mtunge mitihani ya kufungia muhula humo. Likizo itumike kunakili faili zote za shule kwenye diski ya nje, kisha kuifuta kabisa kila kompyuta ya ofisini isipokuwa ya mhasibu, kusakinisha upya Windows iliyo halali na kuiingiza katika mpango wa masasisho ya nyongeza, na kuweka LibreOffice peke yake. Kuifuta ni muhimu, kwa sababu kuondoa tu Office iliyochakachuliwa hakuondoi kilichoingia nayo. Nakala iliyoko kwenye diski nayo ipimwe kwa kinga ya virusi iliyosasishwa kabla haijarudishwa. Muhula wa pili walimu wafanye kazi hivyo, wewe ukiwa na saa maalumu kila wiki ya kusikiliza shida zao, maana shida ndogo isiyosikilizwa ndiyo inayomrudisha mwalimu kwa fundi wa mtaani.

Uamuzi wa kuhamisha ofisi kwenda Linux uachwe hadi Desemba, na kabla ya kuufanya uulize swali moja kuhusu printa. Tengeneza flashi ya Linux Mint inayowaka bila kusakinishwa, iwashe kompyuta ya katibu muhtasi kwa flashi hiyo, unganisha printa inayotoa karatasi za kudurufiwa, na uchape mtihani mzima. Printa nyingi za HP hutambulika zenyewe. Baadhi ya printa ndogo za leza za Canon, hasa za zamani, zinahitaji kiendeshi cha pekee kutoka kwa Canon na huleta usumbufu mkubwa. Yenu ikigoma, kompyuta hiyo moja ibaki na Windows kwa ajili ya kuchapa, na nyingine zihamie.